Saa ya Chini

Ulipita hapa nawe, usikatae. Ulipita chini ya ukuta wa kiwanda cha Rushforth, ukasikia mitambo ya kufumia ikinguruma ndani, ukaongeza mwendo kwa sababu vumbi la pamba lilikuwa linakuwasha macho, au ndivyo ulivyojiambia. Uliwaona watu mia mbili na zaidi wakitoka langoni wakiburuta viatu vyao vya mbao, ukaangalia pembeni. Uliposikia mmoja wao atanyongwa, uliuliza kamuua nani, ukaambiwa, ukatikisa kichwa, ukaenda kula. Basi leo kaa hapa. Leo utaangalia.

Konstebo Eli Tattersall naye aliangalia pembeni, na yeye alikuwa na kazi moja tu duniani, kuangalia. Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mwaka 1826, alishuka kwenye gari la farasi pale Scarholme saa sita kamili mchana. Jabez Ormerod, mfumaji, alikuwa amebakiwa na saa arobaini na nne za kuishi. Mahakama kuu ya Lancaster ilimhukumu Ijumaa kwa kumuua mnyapara wa kiwanda, Enoch Pilling. Kesi nzima ilichukua dakika kumi na moja. Jumapili hawanyongi, kwa hiyo kamba ilipangwa Jumatatu saa mbili asubuhi.

Ushahidi uliomtia hatiani ulikuwa kwenye karatasi aliyoiandika Tattersall mwenyewe, mwezi wa sita, siku moja baada ya kifo. Mambo yalikuwa mepesi mno. Kasisi msaidizi alikuwa darajani siku ile ya Jumanne, akasikia mtu anapiga ukelele mmoja upande wa lango la maji la mfereji wa kiwanda, na papo hapo kengele ya kanisa ikagonga saa mbili jioni. Bawabu wa kiwanda, Mordecai Sugden, aliapa kwamba Jabez alitoka langoni na wenzake saa moja na nusu. Jabez mwenyewe alipoulizwa alijibu hivyo hivyo: saa moja na nusu. Nusu saa inamtosha mtu kuzunguka ukuta na kupasua kichwa cha mwenzake. Na wiki ileile Jabez ndiye aliyeongoza watu kumi na wawili mpaka ofisini kwa tajiri Rushforth, wakagoma kushika kazi asubuhi nzima. Hasira, nafasi, muda. Vyote vilikuwapo.

Ila bawabu, akiwa kizimbani Ijumaa, alisema tena neno ambalo Tattersall alikuwa ameliandika kwa mkono wake bila kulisikia. Alisema: nilimwona vizuri, nilikuwa ndio kwanza nimewasha taa ya lango.

Tattersall alipanda gari la kwanza kurudi Scarholme na neno hilo likimkwaruza kichwani njia nzima.

Mordecai alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha langoni, anakula mkate wa shayiri uliochovywa kwenye maziwa ya mgando. Alimwona konstebo anakuja, akaendelea kutafuna.

"Mzee Sugden. Ulisema Jabez alitoka saa moja na nusu."

"Nikasema, nikaapa, nikasema tena Lancaster. Sasa unataka niimbe?"

"Na taa ulikuwa umewasha."

"Nilikuwa nimewasha."

"Mwezi wa sita. Saa moja na nusu. Saa hiyo jua bado linachoma kisogo. Ulikuwa unamtafuta nani na taa?"

Mzee aliacha kutafuna. Aliutazama mkate wake kama vile umebadilika rangi.

"Ulisoma saa wapi?" Tattersall akauliza.

Kidevu cha mzee kilielekea ukutani, kikarudi upesi, kama mkono uliogusa jiko. Haikuhitajika zaidi. Tattersall alitoka kibandani, akaingia uani, akainua macho.

Juu ya mlango wa kiwanda palikuwa na saa kubwa, mishale yake ikisema saa sita na robo. Chini ya saa hiyo palikuwa na duara la chokaa mpya, jeupe, pana kama ungo wa kupepetea nafaka, na matundu manne ya misumari mikubwa kulizunguka. Ukuta mwingine wote ulikuwa mweusi wa miaka. Mwezi wa sita Tattersall alisimama mahali hapo hapo, akainama kufunga kamba ya kiatu, akaingia ofisini kuandika. Hakuinua macho. Hata leo asingeweza kuapa palikuwa na nini.

"Palikuwa na nini hapa?"

"Chokaa," Mordecai akasema nyuma yake.

"Kabla ya chokaa."

"Ukuta."

Ilikuwa saa ya chakula na wafumaji walikuwa wamekaa uani makundi makundi. Mwanamke mmoja alikuwa peke yake kwenye ngazi, na pande zote mbili za ngazi ile hapakuwa na mtu, kama vile amemwagiwa kitu kinachonuka. Alikuwa Keziah, mke wa Jabez. Alirudi kazini asubuhi ile ile, baada ya kutembea na kupakiwa mikokoteni ya watu usiku kucha kutoka Lancaster, kwa sababu asingerudi wangempa mwingine mtambo wake.

"Niulize mimi, konstebo," alisema bila kuinuka. "Mimi sina tena cha kuogopa. Palikuwa na saa ya pili."

"Ya nini, na ya kwanza ipo?"

"Ya kwanza ni ya jua. Ya pili ilikuwa ya gurudumu. Mishale yake ilikuwa inazungushwa na gurudumu la maji lile lile linaloendesha mitambo. Mto ukijaa, saa hizo zote mbili zinakwenda bega kwa bega. Mto ukipungua, gurudumu linazunguka kwa uvivu, na saa ya chini nayo inakuwa mvivu. Kila alfajiri Mordecai anazilinganisha. Jioni hazifanani."

"Na lango linafunguliwa kwa ipi?"

Keziah alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe unadhani ipi?"

Tattersall alitoa karatasi. Alikumbuka joto la mwezi ule wa sita, ng'ombe waliosimama katikati ya mto wakitafuta maji ya kunywa. "Jumanne ile mto ulikuwaje?"

"Kuku angevuka bila kulowa magoti."

"Saa ya chini iliposema moja na nusu, ya juu ilisema ngapi?"

"Mbili na dakika ishirini. Nakumbuka kwa sababu niliitazama nikaitukana."

Aliandika. Saa mbili na dakika ishirini, jua limeshazama nyuma ya kilima, upinde wa lango umeingia giza, bawabu amewasha taa. Na kengele ya kanisa ilipogonga saa mbili, na Pilling akapiga ukelele wake, lango lilikuwa bado limefungwa kwa ufunguo, na Jabez Ormerod alikuwa bado ndani.

"Alikuwa wapi hasa?"

"Mkono wangu wa kushoto. Mtambo wake na wangu inapakana. Alikuwa ananiimbia vibaya makusudi ili nicheke nisilale."

"Keziah, mbona hukuniambia haya mwezi wa sita?"

"Uliniuliza? Uliniuliza kama mume wangu ana hasira. Nikasema anayo. Ukaandika, ukanishukuru."

"Na yeye? Kwa nini alisema saa moja na nusu kwa mdomo wake mwenyewe?"

"Alisema saa aliyotoka. Miaka sita tumekula na kulala kwa saa ya chini. Hata mwanangu wa mwisho ukiniuliza alizaliwa saa ngapi, nitakwambia ya chini. Sisi hatusemi saa moja na nusu ya gurudumu kila tukifungua mdomo, tunasema saa moja na nusu. Huyo kasisi na kengele yake, nani aliwahi kutuambia? Humu ndani husikii kengele, husikii radi. Jabez alimsikia Ijumaa, kizimbani, kama nilivyomsikia mimi. Nilimwona anashtuka. Akafungua mdomo. Jaji akamwambia zamu yake imepita."

Konstebo alikumbuka. Alidhani ni mtu anaanza kulia.

"Na kile alichokwenda kudai ofisini, yeye na wenzake kumi na wawili?"

"Waishushe saa ya chini," Keziah akasema. "Basi. Hawakudai kingine."

Sheria ya wakati ule ilikuwa na masikio ya kuchagua. Mdomo wa mke haukuhesabika kumtetea mumewe. Tattersall aliligeukia kundi la karibu, wanawake watano, akawauliza kama wameyasikia yaliyosemwa na kama ni kweli. Wanne walikunja vitambaa vyao vya chakula. Wa tano, mama mnene mwenye pamba kwenye nyusi, alijibu taratibu kama anamfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Konstebo, saa tumeipata. Wiki ya pili baada ya Jabez kuchukuliwa, tajiri alisimama pale pale kwenye ngazi, akasema amekisikia kilio chetu, akaita fundi, ikashushwa. Watu walilia. Akasema pia, atakayeitaja ile saa tena, hata kwa utani, ataifanya irudi. Sasa mimi nafika nyumbani wanangu wakiwa macho. Unaelewa unachotuomba?"

"Nawaomba mseme mlitoka lini."

"Unatuomba tuirudishe."

Keziah hakugeuka kumtazama. Kengele ya kazi ikalia, wakaingia.

Mtu aliyekishikilia kitu kwa miaka sita, kisha akakitoa ndani ya wiki mbili akiwa tayari ameshinda, hatoi. Anaficha. Tattersall aliuacha ua, akafuata mfereji mpaka kwenye lango la maji, mahali Pilling alipookotwa. Nyuma yake alisikia kikohozi cha Mordecai.

Lango lenyewe lilikuwa ubao mzito wa mwaloni, linapandishwa kwa mkono wa chuma unaozungusha gurudumu la meno. Pembeni ya meno hayo kuna kizuizi, kipande cha chuma kinachoangukia katikati ya jino na jino ili lango likishapanda lisirudi. Mkono ulikuwa na kutu. Meno yalikuwa na kutu. Kizuizi kilikuwa kinang'aa, na alama za tupa zilikuwa bado zinaonekana juu yake.

Tattersall aliuona mwili wa Pilling mwezi wa sita, hilo angalau aliliangalia. Jeraha lilikuwa moja, juu ya sikio la kushoto, bonde la mviringo la ukubwa wa yai la kuku. Walisema ni nyundo. Nyundo haikupatikana. Sasa, ili kupima, aliiviringisha leso yake kwenye kirungu cha mwisho wa ule mkono wa chuma. Kilikuwa na ukubwa wa yai la kuku.

Alipandisha lango mpaka juu, akavua kofia, akaichomeka kwenye fimbo, akaisimamisha pale ambapo kichwa cha mtu anayezungusha mkono kingekuwa. Kisha, kwa ncha ya kiatu, akakiinua kizuizi.

Lango lilianguka kwa uzito wake wote. Mkono ulizunguka kwa kasi ambayo jicho halikuifuata, ukaipiga kofia, na kofia ikaonekana tena ikielea mferejini, imebonyea.

Walisimama wakiitazama inavyokwenda.

"Mto ulikuwa umekauka," Tattersall alisema. "Pilling alikuja kuongeza maji ili gurudumu liharakishe. Akapandisha lango. Kizuizi cha zamani kikakatika."

Mordecai alikitazama kizuizi kipya.

"Hakuna aliyemuua, mzee."

"Kilikuwa vipande viwili, kwenye matope," mzee alisema. "Nilifika na Bwana Rushforth, mimi na yeye tu. Akaviokota, akavifuta, akavitia mfukoni."

"Mfukoni mwa nani?"

"Mwa koti lake. Kwa mkono wake. Halafu akaniambia, Mordecai, nyumba unayolala ni ya kiwanda, sivyo? Nikasema ndivyo. Akasema, basi. Jioni ile ile akasema amesikia Jabez alikuwa na maneno makali na marehemu."

"Utaapa hayo mbele ya hakimu?"

"Nina miaka sabini na moja. Mke wangu hajainuka kitandani tangu Pasaka."

"Jabez ana thelathini na miwili."

"Najua anayo mingapi," Mordecai akasema. "Siku anabatizwa mimi ndiye nilimbeba."

Aligeuka, akarudi langoni kwake, mgongo umepinda kama anatembea chini ya dari fupi.

Hakimu Lathom aliishi nyumba ya mawe juu ya kilima, na dada wa Rushforth alikuwa mke wake. Alimpokea konstebo sebuleni, akamwacha asimame, akamsikiliza mpaka mwisho. Tattersall aliweka karatasi mezani: taa, saa ya chini, kasisi, kizuizi, kirungu. Alieleza vizuri. Hakuwahi kueleza kitu vizuri namna ile maishani mwake.

"Una kiapo cha nani?" hakimu akauliza.

"Changu."

"Ulikuwapo kiwandani saa mbili?"

"Hapana, bwana. Mimi ndiye niliyeandika saa moja na nusu bila kuuliza ya saa ipi."

"Kwa hiyo unataka nikuapishe kwamba wewe ni mjinga."

"Ndiyo, bwana. Niapishe ujinga wangu, upelekwe kwa jaji kabla hajaondoka Lancaster. Barua moja yake inasimamisha kamba."

Lathom alitabasamu, karibu kwa huruma. "Shemeji yangu ananiambia hapajawahi kuwa na saa ya pili."

"Kuna duara la chokaa ukutani."

"Kulikuwa na unyevu, ukazibwa."

"Unyevu, bwana? Mwaka huu?"

Tabasamu lilikwisha. Hakimu alizikusanya karatasi, akazilinganisha kingo, akamrudishia.

"Nitakutendea haki, Tattersall, usije ukasema sikukutendea. Niletee watu watatu wa kiwandani, asiwemo mke. Watatu waapishwe hapa leo kabla jua halijazama, wakisema walikuwa ndani na huyo mtu kengele ilipogonga saa mbili. Nitaandika barua kwa mkono wangu, utapewa farasi wangu mwenyewe. Watatu tu kati ya mia mbili. Si wengi."

Alisema hivyo akimwangalia usoni, na konstebo akaelewa kwamba mtu huyu amekwisha kuwahesabu na amekwisha kujua watakaokuja.

Jumamosi kazi ilikuwa inakwisha saa kumi na nusu. Tattersall alisimama nje ya lango, kwenye jiwe la kupandia farasi, karatasi kwenye ubao, kidau cha wino mfukoni, kalamu mkononi, kichwa wazi. Saa ya juu, peke yake sasa, ilifika kumi na nusu, na lango likafunguliwa papo hapo, bila dakika moja kuibiwa. Watu walitoka mchana mweupe. Baadhi yao walikuwa hawajazoea bado, walifinya macho.

"Nataka watu watatu," akasema. "Mlikuwa ndani naye. Semeni hivyo tu."

Viatu vya mbao vilipita. Kop, kop, kop juu ya mawe.

"Konstebo," sauti ya kiume ikatoka katikati ya umati, "kitanzi ulikifunga wewe. Kakifungue wewe." Mtu mmoja akacheka, akaacha.

Keziah alisimama chini ya jiwe. Hakuomba. Alianza kuwaita kwa majina kadiri walivyopita, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwita jirani kunywa chai.

"Ruth Greaves. Mkanda wa mtambo ulipokukamata nywele, nani aliukata?" Ruth aliangalia viatu vyake. "Thomas Aske. Ulipokuwa na homa, nani aliendesha mtambo wako na wake siku nne ili usifukuzwe? Hujambo, Thomas. Hannah. Hannah, nani alitanguliza jina lake kwenye ile barua ya madai kwa tajiri ili lako lisiwe la kwanza?"

Hannah alikuwa yule mama mnene mwenye pamba kwenye nyusi. Alisimama. Kwa pumzi mbili au tatu alisimama hasa, mkono umeinuka kidogo kutoka kwenye aproni, na Tattersall akachovya kalamu. Kisha akaitazama saa ukutani, ile moja iliyobaki. Mkono ukarudi.

"Mwambie tunamwombea," akasema, akapita.

Walikuwa mia mbili na kumi na watatu. Wa mwisho alipopita, Mordecai alitoka kibandani na funguo zake. Alisimama katikati ya lango lililo wazi, akaitazama karatasi, akamtazama Keziah, ambaye alikuwa amebakiwa na jina moja la kuita na hakuliita. Mzee alifunga lango kwa ndani. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

Kwenye karatasi palikuwa na majina mawili, la konstebo na la mke, na sheria haikuwa na haja na lolote kati ya hayo. Tattersall aliikunja na kuitia kifuani, wakaanza kutembea kuelekea Lancaster, yeye na Keziah, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya na miguu. Jua lilikuwa bado juu. Lilikuwa bado halijazama, na hakimu alikuwa bado sebuleni kwake, na farasi alikuwa bado amefungwa.

Hapo ndipo ninapokukamata mkono wewe. Usiwachukie hao mia mbili na kumi na watatu mpaka umejihesabu. Unamjua Jabez wako. Ni yule aliyetangulia ofisini kwa ajili yenu wote, na sasa anafukuzwa au anafungwa kwa jambo unalojua hakulifanya, kwa sababu ulikuwa umekaa mkono wake wa kulia siku hiyo. Unajua alitoka langoni saa ngapi. Unajua na aliyeokota vipande akavitia mfukoni. Jua la kwako nalo halijazama. Weka kitabu chini, vaa viatu, nenda ukaseme jina lako na ulichokiona mbele ya mtu anayeandika. Usiende kesho. Nenda sasa, wino ungali mbichi.